HESABU YA PONGO HUPIGWA KIANGAZI

Uwezo wa nyumba hauonekani siku ya mshahara. Siku hiyo kila jiko lina moshi, na hata mgeni wa ghafla hupata sahani yake. Uwezo wa nyumba huonekana siku ya ishirini na nane, maharage yakiwa yamebaki kibaba kimoja na mwezi haujaisha. Mke wa askari anayejua kuendesha nyumba hupanga matumizi yake kwa kuzitazama siku hizo chache za mwisho, kwani ndizo zinazoamua kama watoto watalala wameshiba au la.

Wanyama wa porini nao wanaishi chini ya kanuni hiyo hiyo, na hasa wale wa nchi ya milima kama hii yetu. Wingi wao haupimwi kwa majani mabichi ya mwezi wa Aprili. Hupimwa kwa kile kinachosalia mwezi wa Agosti. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji jinsi chakula, maji, maficho na chumvi vinavyopanga idadi ya pongo na jamaa zake katika nchi ya juu baina ya Gitega na Muyinga, na kwa nini ukanda mwembamba wa bonde waweza kuwa na thamani kwao kuliko mlima mzima.

KULUNGU WA ULAYA NA PONGO WA KWETU

Katika vitabu vya picha vinavyotoka Ulaya watoto humwona mnyama mrefu mwenye pembe zenye matawi kama mti uliopukutika majani. Huyo ni kulungu wa nchi za baridi. Watoto huuliza kama yuko Burundi. Jibu ni kwamba hayuko. Katika bara zima la Afrika kulungu wa jamii hiyo huishi kaskazini tu, katika misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini ya jangwa la Sahara hapatikani.

Tofauti yake na wanyama wetu iko kichwani. Pembe za kulungu wa Ulaya huanguka kila mwaka na kuota upya. Pembe za pongo, kuro, tohe na nsya hazianguki. Mnyama huzaliwa, hukua nazo, na hufa nazo. Lakini tukitazama tumbo na malezi ya watoto, wanyama hawa wanafanana sana. Wote hucheua kama mbuzi na ng'ombe. Jike huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, humficha vichakani siku za mwanzo, na kumrudia ili anyonye. Kwa hiyo yale ambayo wataalamu wamejifunza kwa kulungu wa milima ya Ulaya hutusaidia kumwelewa pongo wa milima yetu, ambaye kwa Kirundi huitwa impongo, jina ambalo bila shaka ni ndugu wa jina lake la Kiswahili.

Pongo dume ana rangi ya hudhurungi iliyoiva na madoa meupe ubavuni, na pembe zake zimejipinda kidogo. Jike hana pembe. Mnyama huyu hapendi makundi. Hutembea peke yake, au jike na mtoto wake, katika eneo dogo analolijua vizuri. Akishtuka hubweka kama mbwa, na wengi waliomsikia usiku wamedhani ni mbwa wa jirani.

MTO UNAOUNGANISHA GITEGA NA MUYINGA

Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa nchi tangu mwaka 2019, umekaa juu ya vilima kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Karibu na mji huo mto Ruvyironza hukutana na mto Ruvubu. Maji ya Ruvyironza hutoka kusini, upande wa Rutovu, mahali panapohesabiwa kuwa chemchemi ya mto Nile iliyo kusini kuliko zote. Baada ya kukutana, mto huelekea kaskazini mashariki mpaka nchi ya Muyinga, kisha huvuka kuingia Tanzania na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo.

Katika safari hiyo mto hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyoanzishwa mwaka 1980. Hifadhi hiyo ina hekta zipatazo 50,800, nayo iligusa mikoa minne ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi, kabla ya mikoa ya nchi kupunguzwa kuwa mitano mwaka 2025. Ardhi yake huanza kiasi cha mita 1,350 mtoni na kupanda mpaka zaidi ya mita 1,800 juu ya vilima. Mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu, ile ya Mkataba wa Ramsar.

Mtu akisimama kilimani huona sehemu mbili. Ya kwanza ni migongo ya milima yenye nyasi ndefu na miti iliyotawanyika. Ya pili ni bonde: mafunjo, majani mabichi, na mstari wa msitu unaofuata mto na vijito vyake. Sehemu ya kwanza ni pana sana. Ya pili ni nyembamba. Hata hivyo ni hii nyembamba inayoamua mambo.

MAHITAJI MANNE

Hitaji la kwanza ni chakula, na si kila jani ni chakula. Wakati wa mvua nyasi changa huwa laini na zenye protini ya kutosha. Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni mpaka Septemba, nyasi hukomaa, hukauka, na protini hupungua. Tumboni mwa mnyama anayecheua mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyovunja majani magumu kwa niaba yake. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji protini. Majani yakishuka chini ya sehemu 7 hivi katika 100 za protini, vijidudu hulegea, chakula hukaa tumboni bila kusagika, na mnyama hudhoofika. Mfugaji yeyote amewahi kuona ng'ombe aliyekonda huku tumbo limejaa nyasi kavu. Porini mambo ni hayo hayo: mnyama aweza kufa njaa akiwa ameshiba.

Pongo hupendelea majani ya vichaka, machipukizi, maua na matunda yaliyoanguka kuliko nyasi. Nsya naye hula hivyo, na kwa kuwa ni mdogo humtosha kidogo. Kuro na tohe ni walaji wa nyasi hasa. Lakini ifikapo Agosti wote wanne hutazama upande mmoja, yaani bondeni, kwa sababu huko udongo bado una unyevu na majani bado yana uhai.

Hitaji la pili ni maji. Nsya aweza kukaa siku nyingi bila kunywa, akitosheka na umajimaji wa majani anayokula. Kuro hawezi. Huyo hakai mbali na maji hata siku moja, na ndiyo maana mahali palipokauka kijito kuro hutoweka kwanza, nsya akibaki.

Hitaji la tatu ni maficho. Pongo hana mbio za kumwokoa uwandani. Ulinzi wake ni kutulia kichakani mpaka hatari ipite. Mtoto wake, ambaye jike humbeba tumboni kwa miezi sita hivi, hulala amefichwa peke yake, na mama humlamba na kula kinyesi chake ili harufu isimwite mnyama mla nyama. Malezi hayo yanahitaji kichaka. Penye chakula tele bila kichaka, pongo hazai akalea.

Hitaji la nne ni chumvi. Katika nchi za milima zenye mvua nyingi, maji huosha udongo na kuchukua madini. Majani huwa na chumvi kidogo, na wanyama hulazimika kutafuta mahali penye udongo wa chumvi wakaulamba. Njia ya kwenda huko hurithiwa, mtoto akimfuata mama yake. Njia hiyo ikizibwa, upungufu huingia mwilini polepole.

Msomaji atambue kwamba mahitaji haya hayasaidiani kwa kujazana. Mlima uliojaa nyasi haulipi deni la maji yaliyokosekana. Hitaji lililo dogo kuliko yote ndilo linaloweka kikomo, na kikomo hicho hufika kiangazi.

MLIMA NI NGAZI

Kadiri ardhi inavyopanda, hesabu hubadilika. Katika msitu wa Kibira, magharibi ya nchi, ambao kilele chake hupita mita 2,600, mvua ni nyingi zaidi na majani hayakauki kama huku mashariki. Huko shida ni kivuli. Miti mikubwa huzuia jua, na ardhi iliyo chini yake hutoa majani machache ambayo mnyama mfupi aweza kuyafikia. Mti mmoja ukianguka na kufungua dirisha la mwanga, machipukizi hujaa, na wanyama hukusanyika hapo. Juu zaidi, kwenye milima ya volkano ya Virunga, pongo na funo mwenye paji jeusi huishi hata zaidi ya mita 3,000, ambako baridi ya usiku hudai chakula cha ziada ili mwili upate joto.

Kwa sababu hiyo wanyama wa milimani duniani kote huutumia mlima kama ngazi. Kulungu wa milima ya Ulaya hupanda wakati wa joto na kushuka mabondeni theluji inapoanguka. Hapa kwetu hakuna theluji, lakini kiangazi hufanya kazi ile ile ya kuwateremsha. Taabu huanza pale vipago vya chini vya ngazi vinapokuwa vimekatwa. Mnyama anabaki juu, anaona bonde, wala hana njia ya kulifikia.

USHAHIDI KUTOKA RUM NA BALE

Yako mambo mawili yaliyotokea nchi za nje ambayo yanafaa kukumbukwa.

La kwanza ni la kisiwa cha Rum, huko Uskochi, chenye milima na kulungu wekundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliacha kabisa kuwapunguza kulungu katika sehemu ya kaskazini ya kisiwa. Kisiwani hakuna mbwa-mwitu. Bila mwindaji na bila adui, majike waliongezeka zaidi ya maradufu. Wengine wangetazamia kwamba wangeongezeka bila mwisho. Haikuwa hivyo. Chakula cha kila mmoja kilipungua, majike wakachelewa kuzaa mara ya kwanza, na watoto wengi zaidi wakafa wakati wa baridi. Idadi ikasimama. Kisiwa chenyewe ndicho kilichopiga hesabu, katika msimu wake wa dhiki.

La pili liko karibu nasi, katika milima ya Bale nchini Ethiopia. Huko huishi nyala wa milimani, jamaa mkubwa wa pongo asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Hulisha katika uwanda wa Gaysay, kiasi cha mita 3,000 juu ya bahari, na kujificha katika misitu ya mitarakwa. Mwaka 1991 utawala wa Ethiopia ulipoanguka, bunduki zilikuwa nyingi na ulinzi haukuwapo. Nyala waliuawa kwa wingi. Waliosalia walijikusanya karibu na makao ya hifadhi pale Dinsho. Amani iliporudi waliongezeka tena, kwa sababu uwanda ulikuwa bado uwanda na msitu ulikuwa bado msitu.

Tukiyaweka pamoja mambo hayo, tunapata funzo moja. Risasi huweza kupunguza wanyama kwa muda, na wakipata nafasi hurudi. Lakini ghala la chakula na maficho likiisha, hakuna pa kurudia. Hifadhi ya Ruvubu nayo ilipoteza wanyama wengi kwa ujangili wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993. Swali la leo si kama wachache waliobaki wanaweza kuzaana. Wanaweza. Swali ni kama bonde lao litakuwapo.

MOTO, JEMBE NA TANZI

Mambo matatu hulipunguza ghala hilo, na yote matatu hutokea kiangazi.

Moto ni wa kwanza. Nyasi zikichomwa mapema, mwezi wa Juni, bado zina unyevu. Moto huwa mdogo, huruka sehemu nyingi, na vichaka husalia. Zikichomwa Agosti au Septemba, moto huwa mkali, huua miti michanga na kuula ukingo wa msitu wa mtoni. Ni kweli kwamba baada ya moto huchipuka majani laini, na kuro na tohe huyafurahia. Lakini pongo hubaki uwazini bila maficho, na mtoto aliyefichwa katika nyasi hana pa kukimbilia.

Jembe ni la pili, na hapa yatupasa kusema kwa haki. Burundi ni nchi ya kilometa za mraba 27,834 yenye watu zaidi ya milioni 12. Mkulima wa mashariki anashuka bondeni wakati wa kiangazi kwa sababu ile ile inayomteremsha pongo: huko ndiko kuliko na unyevu. Msimu huo wa tatu wa kilimo, unaoitwa msimu C, ndio unaowapa watu wengi viazi, maharage na mboga wakati milima imekauka. Wala isisahauliwe kwamba hifadhi ilipoundwa familia zilizokuwa ndani ya mipaka ziliondolewa, na ukoo uliohamishwa haukosi kukumbuka. Kumkemea mkulima hakutoshi. La muhimu ni kutambua kwamba bonde lililo nje ya mipaka limekwisha kulimwa, na kwa hiyo lile lililo ndani ndilo kipago cha mwisho. Likipigwa jembe nalo, hakuna jingine.

Tanzi ni la tatu. Kiangazi wanyama wote hupita njia chache zinazokwenda majini. Waya mmoja uliotegwa hapo mwezi wa Agosti hukamata kuliko waya kumi zilizotegwa mlimani mwezi wa Machi. Tena waya hauchagui. Humnasa jike mwenye mimba kama unavyomnasa dume mzee. Na mtegaji asiporudi, nyama huoza pasipo faida kwa mtu yeyote.

Yafaa kuongeza kwamba upungufu unaotokana na njaa hauna kelele. Mtu aliyezoea kusikiliza mlio wa bunduki hataugundua. Jike hukonda, maziwa hupungua, mtoto hufa kichakani, na asubuhi hakuna mzoga njiani. Miaka michache baadaye watu huuliza pongo walikwenda wapi.

WAJIBU NYUMBANI NA KAZINI

Ulinzi wa hifadhi uko mikononi mwa Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, iliyoshika nafasi ya taasisi ya INECN mwaka 2014. Lakini walinzi wake hawawezi kuwa kila mahali, na mengi huamuliwa mbali na hifadhi, majumbani na makambini.

Askari na polisi walio katika zamu za mashariki wanaweza kufanya jambo kubwa kwa kujua tu majira. Kuanzia Julai macho yaelekezwe kwenye njia za majini, si kwenye vilele. Waya ukionekana uondolewe, na mahali pake paarifiwe kwa walinzi. Moto wa kupikia uzimwe kwa maji na udongo kabla ya kuondoka, kwani upepo wa Agosti haumngojei mtu.

Kwa familia zenye mifugo, sheria ya mwaka 2018 inataka wanyama wafugwe zizini, wasiachwe kuzurura. Sheria hiyo haiwezekani pasipo majani. Majani ya tembo, ambayo Warundi huyaita urubingo, yakipandwa kwa mistari inayokingama mteremko, hufanya kazi mbili: hulisha mbuzi na ng'ombe, na huzuia udongo usiteremke na mvua. Yakatwe yangali machanga, na mengine yakaushwe mwezi wa Mei yawekwe akiba. Samadi ya zizini hurudi shambani na kuongeza mavuno ya mlimani, na mwenye mavuno mlimani hana haraka ya kuvuka mpaka wa hifadhi.

Mama wa nyumbani naye ana kura yake sokoni. Nyama ya porini inayouzwa kwa siri haikupimwa na mganga wa mifugo, na anayeinunua hajui mnyama alikufa kwa nini wala lini. Pasipo mnunuzi, mtega waya hana sababu ya kuamka alfajiri.

Faida ya kulilinda bonde haimhusu pongo peke yake. Mafunjo na msitu wa mtoni huchuja matope na kuyaachia maji polepole. Maji hayo ya Ruvubu ndiyo yanayoungana na Kagera na kuingia katika mitambo ya umeme ya Rusumo, yenye uwezo wa megawati 80, ambayo Burundi, Rwanda na Tanzania hugawana. Matope mtoni ni hasara kwa taa za mjini pia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mvua za kwanza zitakapoanguka, na milima kuanzia Gitega hadi Muyinga ikavaa kijani tena, kila mtu atadhani pori lina chakula cha kulisha maelfu. Wakati huo si wa kuhesabu. Atakayetaka kujua kama nchi hii itaendelea kuwa na pongo na aende kulitazama bonde mwishoni mwa Agosti, aone kama lina kichaka, majani mabichi, na alama za kwato ndogo kandokando ya maji.